Sura ya 7: Mlima Unaotangulia Kunywa

Mkazi wa Singida hahitaji kufundishwa upepo. Kiangazi kinapokolea unavuma kutoka kusini-mashariki usiku na mchana, unapenya kati ya mawe makubwa yanayouzunguka mji, unarusha vumbi la viwanja vya shule, unakausha kanga kabla mwenyewe hajamaliza kuzianika, na hauachi hata tone. Wawekezaji wa umeme wamekuja na milingoti yao ya kupimia, wakausifu. Mkulima wa alizeti wa Ikungi au Mkalama haoni cha kusifu. Yeye anasubiri mvua ya msimu mmoja, inayoanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili, milimita 500 hadi 800 kwa mwaka mzima ikiwa mwaka ni wa heri.

Upepo huo haukuzaliwa mkavu. Ulipoanza safari yake katika Bahari ya Hindi ulikuwa umejaa mvuke. Lakini kati ya pwani na Manyoni pana ukuta: Milima ya Tao la Mashariki, safu inayoanzia Taita nchini Kenya na kushuka kupitia Pare, Usambara, Nguru, Ukaguru, Uluguru na Rubeho hadi Udzungwa na Mahenge. Hewa yenye unyevu ikigonga mlima hupanda, ikipanda inapoa, ikipoa haiwezi tena kushika maji yake, inayaachia hapohapo. Miteremko ya Udzungwa inayotazama mashariki hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Inayovuka na kuteremka upande wa pili ni hewa iliyokwisha kukamuliwa, na sisi tuko upande huo. Milima si sababu pekee ya ukame wa nyanda za kati, maana umbali wetu na bahari na mwendo wa mikanda ya mvua navyo vina mchango wake. Hata hivyo, kila kiangazi Singida inapokea makombo ya karamu iliyofanyika kwingine.

Ndiyo maana kitabu kinachohusu Singida kina sura ya msitu wa mvua, ingawa mtu anaweza kudhani sura yenyewe imepotea njia. Udzungwa iko kilomita kama 400 kutoka Singida mjini ukikata moja kwa moja angani. Wengi wetu hatujawahi kufika, na tunaowajua waliofika ni wachache. Lakini mlima huo unashika mvua ambayo ingeweza kuwa yetu, na kwa njia nyingine, kama tutakavyoona, maji yetu nayo huenda kuusalimia.

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, imekalia mikoa ya Morogoro na Iringa, na makao yake makuu yapo Mang'ula, kilomita kama 60 kusini mwa Mikumi. Kilele chake kirefu ni Luhombero, chenye mita 2,576. Ukisoma takwimu hizi tu huoni ajabu, kwa sababu nchi hii ina milima mirefu kuliko huo na hifadhi kubwa kuliko hiyo. Ajabu ni kwamba msitu wenyewe unaanza chini kabisa, mita 250 hivi kutoka usawa wa bahari, hatua chache kutoka kwenye mashamba ya miwa ya Kilombero, na unapanda bila kukatika hadi juu ya mita 2,000. Sehemu nyingine za Afrika Mashariki msitu wa chini ulishafyekwa zamani, ukabaki wa vileleni. Hapa mnyama anaweza kuhama kutoka joto la bondeni hadi baridi ya mawinguni bila kutoka kivulini.

Anayetaka kuona kwa macho yake jinsi mlima unavyogawa maji, auzunguke. Upande wa mashariki, Mang'ula na Sanje, kila kitu ni kijani, na vijito vinakatisha njia kila baada ya mwendo mfupi. Halafu apande basi la Iringa kutoka Mikumi. Barabara kuu inafuata mto Ruaha Mkuu kwenye ukingo wa kaskazini wa milima ileile, na ghafla abiria anajikuta katikati ya mibuyu, kushoto na kulia, imesimama uchi kwenye miiba na udongo uliopasuka. Panaitwa Bonde la Mibuyu. Mtu wa Manyoni akiamshwa usingizini hapo anaweza kudhani gari limemrudisha kwao. Milima ni hiyohiyo, ila upande mmoja umeutazama upepo wa bahari na mwingine umeupa mgongo.

Umri wa misitu hii unatisha kidogo. Wanasayansi wanakadiria kuwa misitu ya Tao la Mashariki imekuwepo kwa takriban miaka milioni 30. Afrika imekauka na kulowa mara nyingi katika muda huo, na kila ilipokauka misitu ya bara ilirudi nyuma ikageuka nyika. Bahari ya Hindi haikuacha kuleta mvuke wake, na milima haikuacha kuupokea. Kwa hiyo viumbe ambavyo jamaa zao walikufa bara zima viliendelea kuishi hapa, kila mlima na watu wake, vikabadilika polepole hadi vikawa vya hapo tu.

Ndani ya hifadhi hii hakuna barabara ya kutalii. Mtanzania akisikia neno utalii anawaza Land Cruiser yenye paa la kufunguka, simba amelala chini ya mgunga, na simu zimenyooshwa madirishani. Udzungwa unashuka kwenye basi Mang'ula, unalipa kiingilio, unapewa mwongozaji, na kwenye njia ndefu unaongezewa askari mwenye bunduki kwa sababu ya tembo na nyati. Kisha unatembea. Njia ya maporomoko ya Sanje ni ya saa nne hivi kwenda na kurudi. Ya kilele cha Mwanihana ni ya siku tatu, na usiku unalala kwenye hema.

Njia ya Sanje inatosha kumwonjesha mtu. Ndani ya msitu jasho halikauki; linabaki mwilini, kwa sababu hewa yenyewe imelowa. Mizizi ya miti mikubwa imesimama juu ya ardhi kama kuta, mtu mzima anaweza kujibanza nyuma yake asionekane. Hondohondo humsikii kwa sauti yake kwanza, unamsikia kwa mabawa, kishindo kizito juu ya majani, na ukiinua macho ameshapita. Mbega wekundu wana subira zaidi. Wanakaa kwenye tawi, kichwa kimevikwa nywele za rangi ya machungwa, wanatafuna majani na kukutazama chini bila heshima yoyote. Juu, maji yanaruka ukingoni na kushuka takriban mita 170 kwa hatua. Ukisimama pale unaona bonde zima la Kilombero limetandazwa: mashamba ya miwa yaliyokatwa kwa rula, mapaa ya bati, na reli ya TAZARA waliyoijenga Wachina pamoja na Watanzania na Wazambia katika miaka ya 1970. Msitu na kiwanda vimepakana kiasi kwamba unaweza kuvitazama vyote bila kugeuza shingo.

Kukosa barabara ndiyo bahati kubwa ya mlima huu, na nasema hivyo nikijua kuwa mbunge yeyote wa Singida angenirushia kiti. Sisi tumehangaikia barabara miaka yote. Lakini kwa msitu, lori likishapata pa kupita, mvule haudumu. Mapato ya Udzungwa kutokana na wageni ni madogo ukilinganisha na Serengeti, na sidhani kama kuna sababu ya kulilia hilo.

Habari tamu kuliko zote za msitu huu ni jinsi dunia ilivyopata kujua kilichomo. Mwaka 1979 watafiti wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walikuwa katika msitu wa Mwanihana wakifuatilia mbega wekundu. Wakasikia mlio wasioutambua, ukelele mmoja unaofuatwa na mgugumio mrefu. Wakamuuliza mwenyeji waliyekuwa naye, naye akajibu bila kushtuka kuwa huyo ni ngolaga. Baadaye, katika kijiji cha Sanje, walimwona mtoto wa mnyama huyo akiwa anafugwa. Ilikuwa ni aina ya mangabei, jamii ya kima, ambayo sayansi haikuwa na habari nayo, na jamaa yake wa jirani kabisa anaishi kando ya Mto Tana, Kenya. Leo anaitwa mangabei wa Sanje, na duniani kote yuko Udzungwa tu. Kijijini alikuwa ni mnyama wa kawaida, tena mwizi wa mazao.

Mwaka 1991 ilikuwa zamu ya sufuria. Wataalamu wa ndege kutoka Denmark walikuwa kambini ndani ya milima hiyo wakaona miguu ya ndege wasiyemjua ndani ya sufuria ya kitoweo. Wenzao wa kambi walikuwa wamemnasa kwa ajili ya mchuzi. Walipomtafuta akiwa hai wakamkuta ni kwale wa msituni ambaye jamaa zake hawako Afrika. Wako kwenye milima ya Asia. Alielezwa rasmi mwaka 1994. Tafakari umbali huo: ndugu mmoja yuko mbali kabisa ng'ambo ya bahari, mwingine yuko Udzungwa akisubiri chumvi.

Sange naye ana kisa chake. Sange ni mnyama mdogo mwenye pua ndefu inayochezacheza, anayekimbia juu ya majani makavu akitafuta wadudu. Mwaka 2005 kamera iliyotegwa msituni na Francesco Rovero na wenzake ilipiga picha ya sange mkubwa kuliko wote waliojulikana, mwenye uso wa kijivu na kiuno cheusi. Mwaka uliofuata alikamatwa, akapimwa, akawa na uzito wa gramu 700 hivi, na mwaka 2008 akatangazwa kwa jina la Udzungwa. Gramu 700 si nyingi. Kuku wa kienyeji wa Singida anamzidi. Lakini kwa ukoo wa sange huyo ni jitu.

Na kipunji. Wawindaji wa Kinyakyusa karibu na Mlima Rungwe walikuwa wakimtaja, na wageni hawakuwa na hakika kama wanasimuliwa mnyama au mzimu. Mwaka 2003 watafiti walimwona huko, na mwaka 2004 wengine, bila kujua habari za wenzao, wakamwona katika msitu wa Ndundulu, Udzungwa. Alitangazwa mwaka 2005, na mwaka 2006 ikabainika kuwa hafanani na jamii yoyote iliyopo, akapewa jenasi yake mwenyewe. Afrika ilikuwa haijapata jenasi mpya ya jamii ya nyani kwa zaidi ya miaka 80.

Tazama mtiririko wenyewe. Karibu kila mara mwenyeji alikuwa ameshamla, ameshamfuga au ameshampa jina mnyama kabla jarida la sayansi halijapata fununu. Sisemi hivyo kuwadharau watafiti. Walipanda milima kwa miguu, wakalala kwenye matope, wakawa na adabu ya kuuliza, na bila maandiko yao sidhani kama serikali ingetenga eneo hilo. Ninachosema ni kwamba ujuzi ulikuwepo kijijini ukiwa umekaa bure, kwa kuwa hakuna ofisi iliyokuwa imefungua daftari kuupokea. Hilo tutalihitaji tukirudi nyumbani.

Sasa tuwatazame wanaoishi chini ya mlima, maana hifadhi ina gharama yake na kuna wanaoilipa. Vijiji vya upande wa mashariki vimebanwa: nyuma yao msitu, mbele yao miwa. Watu wamemiminika huko kutoka kila kona ya nchi kwa ajili ya kiwanda cha sukari, mpunga na reli. Wote wanapika. Hifadhi ilipoanzishwa wanawake waliruhusiwa kuingia siku moja kwa wiki kuokota kuni kavu, jambo ambalo hifadhi nyingine za taifa haziliruhusu kabisa. Siku hiyo wangeonekana wakishuka kwa mstari, kila mmoja na mzigo mrefu kuliko yeye, ngata kichwani, panga limechomekwa katikati ya kuni. Mwaka 2011 ruhusa ikafutwa.

Sababu zilizotolewa zilikuwa na uzito. Idadi ya watu ilikuwa imeongezeka, miti michanga ilikuwa ikikatwa na kuitwa kavu, na nyuma ya waokota kuni walijificha wawindaji wa mitego. Wakati huohuo zikaja juhudi za kupanda miti majumbani na kufundisha majiko banifu, na mpango wa Ujirani Mwema wa TANAPA ukaendelea kusaidia vijiji kwa madarasa na zahanati. Vyote ni vyema. Lakini darasa haliivishi ugali. Mama aliyekuwa akiokota bure akaanza kununua, na fedha ya kununulia kuni ilikuwa ndiyo ya daftari la mtoto. Tembo nao hawakupewa barua ya kuzuiwa kutoka. Wanashuka usiku kwenye migomba na mpunga. Kwenye ukingo wa hifadhi umejaribiwa uzio wa mizinga ya nyuki, kwa sababu tembo, pamoja na ukubwa wake, anaogopa nyuki. Wafuga nyuki wa Itigi wangeweza kuwafundisha watu wa Mang'ula jambo moja au mawili hapo.

Msimamo wangu ni huu: msitu ulistahili kufungwa, na waliofungiwa walistahili kulipwa zaidi ya walivyolipwa. Sehemu kubwa ya sukari ya nchi, sehemu kubwa ya umeme wake na maji ya bonde zima vinategemea mlima huo, ilhali aliyeambiwa abadilishe maisha ni mwanamke wa Sanje peke yake.

Kisa cha Kihansi Watanzania wengi wanakijua kwa mzaha. Kusini mwa milima hiyohiyo, mto Kihansi unaanguka kwenye korongo, na unyunyu wa maporomoko yake ulikuwa ukilowesha vijibustani vya majani vyenye eneo la hekta chache tu. Humo aliishi chura mdogo wa rangi ya manjano, anayekaa kwenye ukucha wa kidole gumba, asiyetaga mayai kama vyura wengine bali anayezaa watoto waliokamilika. Alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1996, wakati ujenzi wa bwawa la umeme ulikuwa umeshaanza. Mtambo wa megawati 180 ulipowashwa, maji mengi yakaelekezwa kwenye bomba, unyunyu ukakatika. Yakafungwa mabomba ya kunyunyizia ili kuiga maporomoko. Mwaka 2000 vyura karibu 500 wakasafirishwa kwa ndege kwenda kwenye bustani za wanyama Marekani. Waliobaki korongoni wakaanza kupona, kisha mwaka 2003 wakafa kwa wingi, na ugonjwa wa kuvu unaoua vyura duniani kote ukakutwa kwao. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kutoweka porini.

Watu walicheka sana enzi hizo. Kwenye vijiwe vya kahawa na bungeni palikuwa na swali moja: nchi yenye mgao wa umeme inawezaje kuwapandisha vyura ndege? Ni swali halali, ila aliyepaswa kulijibu alikuwa mhandisi. Utafiti wa mazingira ulikuja wakati saruji imeshaanza kumwagwa. Ungetangulia, chura angejulikana mapema, kiwango cha maji ya kumwachia kingepangwa kwenye michoro, na nchi isingegharamia mabomba wala tiketi. Mwaka 2010 vyura 100 walirudi kutoka bustani za Bronx na Toledo, wakapokewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuanzia mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni.

Turudi upande wetu. Kusini mwa Manyoni kuna mapori matatu ya akiba yaliyoungana, Rungwa, Kizigo na Muhesi. La Rungwa limekuwepo tangu mwaka 1951. Humo unapita mto Kizigo, mto wa msimu, ambao kiangazi hubaki mchanga na vidimbwi na wakati wa mvua hujaa kwa hasira. Kizigo unashuka hadi bwawa la Mtera na kuingia Ruaha Mkuu. Mtera inazalisha megawati 80; maji yakitoka hapo yanateremka kwa kufuata ukingo wa Udzungwa hadi Kidatu, chini kabisa ya mlima, ambako mtambo wa megawati 204 umekuwa ukifanya kazi tangu mwaka 1975. Kwa hiyo mvua ya Januari inayonyesha kwenye mapori ya Manyoni hupita mbele ya msitu wa Udzungwa kabla ya kwenda Rufiji. Huko inakutana na maji ya mto Kilombero, yaliyochujwa na msitu wenyewe na yanayofanya zaidi ya nusu ya mto Rufiji, na yote yanaingia kwenye Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo ya megawati 2,115. Aliyekaa gizani Singida wakati wa mgao wa mwaka 2006 au 2011, Mtera ilipokauka, alikuwa akionja matokeo ya safari hiyo ya maji, ajue asijue.

Na Singida ina pori lake lisilofanana na lolote. Misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji iliogopa kipande kimoja cha njia kuliko vyote, Mgunda Mkali, kati ya Ugogo na Unyanyembe. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walikipita mwaka 1857, Stanley mwaka 1871. Wapagazi walikivuka kwa mwendo wa kukimbia kwa sababu ya kiu. Sehemu yake ni vichaka vya Itigi: miti mifupi ya mita tatu hadi tano, imesukana kiasi kwamba mtu hapiti wima, inapukutisha majani yote kiangazi na kufunga kabisa mvua ikifika, juu ya mchanga ulio na tabaka gumu chini yake. Mimea ya namna hiyo, kwa mpangilio huo, iko hapa na kwenye kipande kingine kaskazini mwa Zambia basi. Tembo na faru walijificha humo. Nyuki wake wanatoa asali ambayo wasafiri wa reli ya kati wanaijua.

Mlima una maporomoko ya kupigia picha; kichaka hakina. Ukikipita kwa treni Septemba kinaonekana ni fimbo za kijivu zilizochomekwa ardhini, na mtu mwenye mpango wa maendeleo mkononi anakiita ardhi isiyotumika. Sehemu kubwa imeshafyekwa kwa kuni, mkaa na mashamba, na sasa Manyoni imeanzisha mashamba makubwa ya korosho. Siwalaumu wakulima, korosho ina bei, na Singida imechoka kuwa maskini. Lakini tunafyeka kitu ambacho hatujakiorodhesha, kosa lilelile la Kihansi la kumwaga saruji kwanza na kuuliza baadaye.

Si lazima kila kitu kiwe hifadhi ya taifa. Mwaka 2025 wanasayansi walitangaza mti mpya wa Udzungwa, Tessmannia princeps, unaofika mita 40 na ambao baadhi ya miti yake inakadiriwa kuwa na umri wa miaka 2,000 hadi 3,000. Ulikutwa nje ya hifadhi ya taifa, kwenye misitu iliyohifadhiwa na vijiji, ukiwemo msitu wa kijiji cha Uluti. Na jambo hilo Singida tulilianza mapema. Katikati ya miaka ya 1990 vijiji vitano vinavyouzunguka msitu wa Mgori vilikabidhiwa kuulinda, vikaweka sheria ndogo zao na walinzi wao, na Mgori ukawa miongoni mwa mifano ya kwanza nchini kabla Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 haijaandikwa.

Kwa hiyo madiwani wa Manyoni na Itigi mnaosoma sura hii, kabla hamjapitisha kipande kingine cha kufyekwa, waiteni warina asali, wawindaji wazee na kina mama wachimba dawa, muwape kiti na daftari, waeleze kilichomo humo na majina yake. Tengeni sehemu iliyobaki iwe misitu ya vijiji, mipaka ipimwe na isajiliwe. Sheria inaruhusu, na haisubiri mfadhili.